Salio la Pumzi

Mpika bia na msafisha majitaka wanaweza kufanya kazi ndani ya ua mmoja kwa miaka mingi bila kugundua kwamba wanagombania kitu kimoja. Iyunga, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ambako Mbeya imeweka viwanda vyake vya bia na vinywaji, ugomvi huo haulali. Upande wa kujaza chupa, oksijeni ni mwizi. Ikiingia kwenye bia iliyokwisha kuiva huiharibu ladha, kwa hiyo hufukuzwa mpaka ibaki chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa lita. Upande wa nyuma, kwenye matangi yanayopokea maji yaliyooshea mitambo, masalia ya kimea na chachu iliyomaliza kazi, oksijeni ile ile ndiyo riziki, na husukumwa majini kwa mashine zinazonguruma usiku kucha kama lori linalopanda Mlima Nyoka. Nikiulizwa kazi ya majitaka imenifunza nini, sitaanza na mashine hizo. Nitaanza na tarakimu ndogo inayowaka kwenye mita ya oksijeni, ile ambayo kila anayepita huitazama na karibu kila mtu huisoma vibaya. Watu huidhani kuwa kipimo cha hewa tuliyotia. Kumbe ni salio. Salio la shilingi elfu mbili kwenye simu halikuambii kama mwenye simu hakupokea chochote leo, au alipokea milioni akailipa yote kabla ya adhuhuri. Mambo mengi yanayoharibika kwenye mitambo ya kutibu majitaka, kuanzia ankara za umeme zinazotisha hadi tope linalogoma kutuama, yana mzizi wake katika kulisoma salio kama mapato.

Kwanza tuelewane ni nani anayetumia fedha hizo. Bakteria wa kwenye tangi la hewa wanafanya kazi ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaifahamu tangu zamani, ila wanaimaliza. Kimpumu cha Rungwe na ulanzi wa Iringa ni matunda ya kazi iliyoachwa njiani: chachu imeila sukari bila hewa, ikatoa nguvu kidogo, ikaacha kilevi ambacho bado kina nguvu nyingi ndani yake. Kwa mnywaji hiyo ni neema. Kwa mto, chakula kilicholiwa nusu ni balaa, kwa sababu viumbe wa mtoni watakimalizia kwa kutumia oksijeni ambayo samaki walikuwa wakiitegemea. Kinachofanyika kwenye tangi, basi, ni kulazimisha ulaji huo ukamilike mapema, ndani ya ukuta, mpaka sukari, kilevi na asidi vigeuke kuwa gesi ya kaboni, maji na miili mipya ya bakteria. Ulaji wa namna hiyo una bei inayojulikana. Uchafu wenye mahitaji ya kilo moja ya oksijeni utadai takriban kilo moja hiyo, na kama tunataka pia amonia igeuke kuwa naitreti, kila kilo ya naitrojeni iliyo ndani yake itadai kilo nne na nusu na ushei. Maji ya kiwanda cha bia kwa kawaida huwa na mahitaji ya kikemia ya oksijeni ya miligramu 2,000 hadi 6,000 kwa kila lita. Sasa linganisha na akiba iliyopo. Lita moja ya hewa ya Mbeya ina oksijeni ya miligramu zaidi ya 220, lakini lita moja ya maji safi ya Mbeya yenye nyuzi joto 20 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 7.4 hivi. Maji ni mfuko mdogo mno. Hakuna namna ya kuujaza asubuhi ukatosha mpaka jioni. Lazima fedha iingie muda wote, na itumike ikiingia.

Edward Ardern na William Lockett, waliotangaza njia hii ya tope hai Uingereza mwaka 1914 baada ya majaribio yao kwenye mtambo wa Davyhulme, Manchester, hawakuwa na mita ya kuwaonyesha salio hilo papo hapo. Walichogundua ni kwamba tope lililobaki chini ya chupa baada ya majitaka kupulizwa hewa halipaswi kutupwa. Walilihifadhi, wakamimina majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena, na kila mara kazi iliyochukua wiki nyingi hapo mwanzo ikapungua, hadi ikawa ya saa chache. Tope lilikuwa jamii ya walaji wanaoongezeka. Tangu hapo fundi wa majitaka amekuwa mfugaji, na kosa la mfugaji mgeni ni kuhesabu majani aliyobeba badala ya kuangalia ng'ombe wanavyokula.

Ndipo tunaporudi kwenye mita. Tuseme inaonyesha miligramu 0.4 kwa lita. Inawezekana mashine ya hewa imechoka, difyuza zinazotoa mapovu chini ya tangi zimeziba, hewa inavujia kwenye bomba. Inawezekana pia mashine ni nzima kabisa, ila tangi limepokea mzigo mzito wa sukari na bakteria wanakula kwa pupa, kiasi kwamba kila punje ya oksijeni inanyakuliwa kabla haijahesabiwa. Hali ya kwanza ni ugonjwa. Ya pili ni kazi. Tuseme sasa inaonyesha 6. Meneja atafurahi. Lakini 6 huweza kumaanisha kwamba usiku kuna mtu aliyefungulia magadi ya kuoshea mitambo bila kuyapunguza ukali, na bakteria wamekufa, kwa hiyo hakuna mlaji. Nimekuja kuamini kwamba tarakimu ya juu isiyo na sababu inayojulikana ni ya kuogopwa kuliko ya chini, kwa maana ya chini hulia njaa na ya juu inaweza kuwa ukimya wa makaburini. Namna ya kutofautisha haihitaji fedha. Chota tope kwenye chombo, lipulize hewa mpaka lishibe, halafu zima hewa, koroga polepole ili lisituame, utazame tarakimu inashuka kwa kasi gani. Ikishuka miligramu 2 kwa dakika tatu, tope linakula miligramu 40 kwa saa kwa kila lita, na liko hai. Ikikaa pale pale kama maji ya mtungini, acha kugusa mashine ya hewa, nenda ukatafute sumu au njaa. Jaribio hilo la dakika chache linaeleza zaidi kuliko karatasi ya wiki nzima iliyojazwa tarakimu za asubuhi na jioni, kwa sababu linapima matumizi, si salio. Nashangaa jinsi linavyofanywa mara chache.

Mbeya inaongeza ugumu wake. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko juu uzito wa hewa unaotukandamiza ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Dar es Salaam. Oksijeni huingia majini kwa msukumo huo. Hapa watu husema baridi inafidia, na hawakosei kabisa: maji baridi hubeba oksijeni zaidi, kiasi kwamba kijito cha Mbeya chenye nyuzi 18 na maji ya Dar es Salaam yenye nyuzi 29 huwa na ujazo unaokaribiana sana, miligramu 7.7 kwa lita. Mlima unachukua, baridi inarudisha. Lakini maji ya kiwandani hayaulizi hali ya hewa ya nje. Yanatoka kwenye mapipa ya kupikia na mashine za kuoshea chupa, na tangi linaweza kuwa na nyuzi 30 hata katika Julai ile ya baridi ya kukata masikio. Kwenye nyuzi 30 maji ya pwani hubeba miligramu 7.6, ya Mbeya 6.1. Fidia imepotea, hasara ya mwinuko imebaki. Na hasara hiyo haiji peke yake. Mashine inayovuta mita za ujazo mia za hewa huku juu inavuta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ndugu yake iliyoko Ubungo, Dar es Salaam, hata kama vibao vyao vinasoma sawasawa, na mota yake, ambayo kwa kawaida watengenezaji huihesabia nguvu kamili hadi mita 1,000 tu, inapozwa na hewa nyepesi. Mtambo uliochorwa kwa vipimo vya pwani ukaletwa Iyunga bila kurekebishwa utakuwa mchovu tangu siku ya kuzinduliwa, na opereta atalaumiwa kwa kosa la mchoraji.

Kuna mtego mdogo zaidi, ambao nauona kuwa wa kufunza kuliko wote. Mita ya oksijeni husahihishwa kwa kuiweka hewani na kuiambia: hapa ndipo penye ujazo kamili. Ili mita iijue tarakimu ya ujazo huo lazima ijue joto, ambalo hujipimia, na kandamizo la hewa, ambalo mara nyingi huambiwa na mtu. Isipoambiwa chochote, mtengenezaji wa mita amekwisha kudhani kwamba uko ufukweni. Basi mita itaita miligramu 9.1 mahali ambapo ukweli ni 7.4, na kosa hilo litaifuata mpaka ndani ya tangi: ikisema 2.0, kilichopo ni 1.6. Fundi mwangalifu anaweza kuukimbia mtego huu akaingia mwingine, kwa kuwauliza watu wa hali ya hewa au kusoma kwenye simu yake kandamizo la leo. Ataambiwa kitu kinachokaribia hektopaskali 1,015, kwa sababu tarakimu za utabiri hurekebishwa kana kwamba vituo vyote viko usawa wa bahari, ili ramani ilinganishe Songwe na Mtwara. Kandamizo halisi analopumua yeye, na linalopumuliwa na bakteria wake, ni kama 825. Vitabu vya mita vinaeleza jambo hili, lakini kwenye ukurasa ambao aghalabu hubaki ndani ya karatasi ya nailoni. Nimelikalia hili kwa makusudi. Tunapojadili kama kiwango kiwe 1.5 au 2, tujue kwanza kama rula yetu ilikatwa kwa urefu wa mahali tulipo.

Pingamizi linalotolewa haraka kuliko yote ni kwamba hewa nyingi haimuui mtu. Kama 2 inatosha, tia 5, ulale usingizi. Wanaosema hivi si wajinga, ni watu waliowahi kuamshwa usiku na harufu ya mayai viza. Lakini hesabu haiwaungi mkono. Oksijeni huingia majini kwa kasi inayotegemea pengo kati ya kilichopo na ujazo kamili. Kwenye tangi letu la nyuzi 30, penye ujazo wa 6.1, ukishikilia miligramu 2 pengo ni 4.1, ukishikilia 4 pengo ni 2.1. Maana yake ni kwamba kuwapa bakteria kiasi kile kile cha oksijeni wanachokula, huku salio likiwa 4, kunataka hewa karibu mara mbili. Ukitaka 5, pengo linakuwa 1.1, na unapuliza karibu mara nne. Bakteria hawali zaidi kwa sababu meza imejaa. Ukishapita miligramu 2 hivi, wanaokula sukari hawahisi tofauti, na wanaogeuza amonia wanaihisi kidogo tu. Hewa hiyo yote inalipiwa TANESCO kisha inapanda juu kama mapovu na kurudi ilikotoka. Kwenye mitambo ya tope hai, kupuliza hewa mara nyingi hula nusu ya umeme wote au zaidi, na mteja mkubwa hulipia pia kilele cha matumizi yake ya mwezi, kwa hiyo anayewasha mashine zote pamoja kwa hofu ya dakika kumi ataiona hofu hiyo kwenye ankara. Halafu kuna madhara ambayo hayaji na ankara. Mchafuko mkali huvunja mabonge ya tope kuwa vumbi lisilotuama, maji yanatoka na ukungu, na mtu aliyetaka usalama anavuka kikomo cha chembechembe alichotaka kukiheshimu.

Mwenye pingamizi ataniambia: lakini umeme hukatika. Mwenye salio la 5 ana akiba, mwenye 2 hana. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu, kwa sababu limetoka kwenye maisha yetu wenyewe, si kwenye kitabu cha Ulaya ambako umeme hukatika kwa nadra. Ila tulipigie hesabu. Tope linalokula miligramu 40 kwa saa litamaliza salio la 2 kwa dakika tatu. Salio la 5 litaisha kwa dakika saba na nusu. Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili, tofauti ni dakika nne na nusu, ambazo hazimfikishi mtu hata langoni. Mfuko ni mdogo, tulikwisha kusema. Kinachosaidia ni kupunguza walichowekewa mezani: kuwa na tangi la kupokelea linaloweza kushikilia maji machafu yasiingie kwa wakati huo, na jenereta yenye uwezo wa kuendesha mashine moja tu, kwa zamu, ili tope likorogwe na lisioze chini. Bakteria wengi wa humo huvumilia saa kadhaa bila hewa kama hawajashindiliwa chakula. Fedha zinazopotea kwa kushikilia 5 mwaka mzima zingejenga sehemu nzuri ya tangi hilo.

Upande wa pili wa kosa nao upo, na sitaki mtu asome haya akaenda kuzima mashine. Kuishi chini ya 0.5 kwa siku nyingi, huku mzigo ukiwa mkubwa, ni kuwaalika bakteria wa nyuzinyuzi. Hao wana faida moja juu ya wenzao: wamejinyoosha nje ya bonge kama mizizi, kwa hiyo oksijeni haba inawafikia kwanza. Wakitawala, tope huvimba, linakuwa kama pamba iliyolowa, na kwenye tangi la kutuamisha halishuki. Mafundi wanasema slaji imevimba, na anayelisikia neno hilo asubuhi hufuta mipango yake ya siku. Maji ya viwanda vya vinywaji yako karibu na hatari hii kwa asili yake, maana yana sukari tele na naitrojeni haba. Wakati mwingine, basi, fundi anaongeza hewa kwa tope lililovimba kumbe kinachokosekana ni mbolea ya urea. Mita peke yake haiwezi kumwambia. Anayechanganya tarakimu ya salio, kasi ya kula na urefu wa tope kwenye silinda ya lita moja baada ya nusu saa, huyo ndiye ana picha.

Sasa wapo wanaouliza kwa nini tujisumbue na mashine wakati Mbeya ina mabwawa ya majitaka Kalobe, Iringa ina yake Don Bosco, Moshi ina ya Mabogini, na yote yanafanya kazi kwa jua. Ninayapenda mabwawa. Kwa majitaka ya majumbani, mahali penye ardhi, ni uamuzi wa busara ambao miji mingi ya Tanzania iliufanya, na aliyeyadharau kwa sababu hayana mitambo inayong'aa hajui gharama ya kipuri kinachosubiriwa bandarini. Lakini mabwawa hayajaikwepa hoja yangu; yameihamishia kwa mwani. Mchana mwani hutengeneza oksijeni mpaka maji ya juu yanapita ujazo wake kamili, yakifika hata maradufu; usiku mwani wenyewe hupumua pamoja na bakteria, na alfajiri salio linaweza kuwa karibu sifuri. Mkaguzi anayefika saa nane mchana na kuandika 14 ameandika ukweli wa saa nane tu. Bwawa hudhibitiwa kwa ukubwa wake, kina chake na kiasi cha uchafu kinachoruhusiwa kwa hekta, na maamuzi hayo hufanyika mara moja, siku ya kuchimba. Kiwanda kinachobadilisha zamu, kinachoosha mapipa Ijumaa na kunyamaza Jumapili, hakisubiri bwawa lipanuke. Na ukiyapeleka bwawani maji yenye nguvu mara kumi ya majitaka ya nyumbani bila kuyatibu kwanza, mwani unazimika na bwawa linakuwa shimo.

Vivyo hivyo kwa wanaosifu matangi yasiyo na hewa, ambayo hugeuza sehemu kubwa ya uchafu wa bia kuwa gesi ya kupikia mvuke. Wana haki, na kwa maji ya namna hiyo ningeanza na tangi kama hilo kabla ya kununua mashine hata moja ya hewa. Kinachobaki baada yake bado ni kichafu kupita ruhusa, tena kinakuja na salfaidi inayoinyakua oksijeni papo hapo hata kabla bakteria hawajaamka. Tangi la hewa linakuwa dogo, ila uangalizi wake unakuwa mgumu zaidi.

Limebaki suala la mitambo inayojiendesha. Siku hizi kihisi kinatumia mwanga badala ya utando wa plastiki uliotokana na ugunduzi wa Leland Clark miaka ya 1950, na inveta hupunguza au kuongeza kasi ya mota bila mtu kusogea. Kwa nini basi nimsumbue opereta na salio na mapato? Kwa sababu kompyuta inaliamini salio kuliko mtu anavyoliamini. Kihisi kinachokaa kwenye tope huvaa ute wa bakteria baada ya siku chache, na bakteria hao, kwa kuwa nao wanapumua, hula oksijeni pale pale mbele ya jicho lake. Kihisi kinasoma kidogo kuliko kilichomo tangini. Mtambo unaongeza hewa. Tangi linashiba, ute unazidi kunenepa, kihisi kinaendelea kulalamika, na mtambo unaendelea kutii. Hakuna kengele itakayolia, maana kwenye skrini kila kitu kiko 2.0 kama ilivyoagizwa. Dawa ni kitambaa laini, maji safi, na mtu aliyepewa siku yake ya kufanya hivyo. Kisha kuna mahali kihisi kilipofungwa. Tangi refu lina njaa mwanzoni, penye mlango wa majitaka, na shibe mwishoni. Kihisi kikifungwa mwishoni kwa sababu ndiko kwenye ngazi nzuri, mtambo utaongozwa na shibe ya wachache. Sikatai mitambo hiyo. Ikiwekwa na kutunzwa vizuri inaokoa umeme ambao hakuna mkono wa mtu ungeweza kuuokoa saa nane za usiku. Ninachokataa ni kuinunua ili tusilazimike kuelewa.

Mwisho kuna sheria, na hapa oksijeni inajitokeza mahali ambapo wengi hawaitazamii. Viwango vya Tanzania, katika kanuni za mwaka 2007 zilizotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, vinataka maji yanayotoka yasizidi mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia ya miligramu 30 kwa lita. Watu huichukulia 30 kama kiasi cha uchafu. Ukitazama kipimo kinavyofanywa, ni oksijeni tena: maji hufungwa kwenye chupa, gizani, kwenye nyuzi 20, kwa siku tano, na kinachoandikwa ni kiasi cha pumzi kilichotoweka. Kwa hiyo maji yaliyofaulu kwa 30 kamili bado yanaweza kudai oksijeni yote ya maji safi ya Mbeya mara nne ya ujazo wake. Wakati wa masika mto unaweza kuyamudu. Oktoba, vijito vinapokuwa vyembamba kiasi cha kuvukwa bila kuvua viatu, huenda maji ya kiwanda yakawa sehemu kubwa ya kijito chenyewe, na kufaulu kwenye karatasi hakutoshi. Maji ya upande huu huelekea mto Songwe, na Songwe huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na njia ya kutokea; kisichoyeyukia hewani humo kinabaki humo.

Kipimo cha siku tano kina kasoro ambayo hakuna kanuni inayoweza kuiondoa. Chupa iliyojazwa Jumatatu hufunguliwa Jumamosi. Ikionyesha 70, mwandishi wa ripoti atauliza kilichotokea, na wa kujibu ni daftari la zamu: saa ngapi tarakimu ilishuka, ilishuka kwa kasi gani, nani aliosha mapipa, kihisi kilipanguswa lini, kandamizo liliwekwa 825 au 1,013. Kama daftari lina tarakimu moja ya asubuhi na moja ya jioni, zote 2.0, hakuna jibu humo. Maji ya Jumatatu yamekwisha kupita madarajani, na tangini salio ni 1.8, linashuka.